Ng'ombe Arobaini, Dirisha Namba Nne

Swali la kumi na saba linauliza: Je, familia ina mifugo?
Udamakari Gidamis, wa Basotu, akajaza
kwa wino wa bluu, herufi za kusimama:
Ndiyo. Arobaini.

Wengine wote siku ile waliandika Hapana.
Mtoto wa mwenye ghorofa mbili Mbezi aliandika Hapana,
wala hakusema uongo: babake hana hata bata.

Mashine ikazidisha arobaini kwa bei ya mnada wa Pugu,
ikamwona tajiri,
ikampa sifuri yenye mhuri.

Mimi ndiye niliyempitishia ile sifuri chini ya kioo.
Miaka kumi na moja nakaa dirisha namba nne,
feni inageuza shingo kama mtu anayekataa,
nami najua kusema "rudi Jumatatu" kwa sauti saba.

Hakulia. Aliuliza tu:
"Ng'ombe wa nani mmewahesabu?"
Akaanza kuwapanga juu ya kaunta kwa kidole:
"Hawa sita ni wa shangazi, wapo kwetu kulishwa tu.
Wale tisa ni deni la mahari ya kaka.
Huyu mwekundu ukoo ulinipa siku nilipozaliwa, hauzwi.
Na waliobaki, kile kiangazi cha juzi..."
Akaifuta kaunta kwa kiganja.

"Sasa mbona uliandika arobaini?"
"Baba alisema arobaini.
Mtu hatangazi misiba ya zizi lake
kwenye karatasi ya serikali."
Nyuma yake foleni ikakohoa.

Kiswahili alikikuta darasa la kwanza, akakisalimu kama mgeni.
Kiingereza, kidato cha kwanza: mgeni wa mgeni.
Sasa yuko hosteli, kitanda kimoja watu wawili,
yeye ndiye anayebebwa.
Usiku bumu lilipotoka, korido nzima ilinuka chipsi
na mafuta ya nywele;
yeye alikuwa bombani, anafua shuka la mwenyeji wake.
Ndiyo kodi.

Mwezi wa tatu tukaitwa semina.
Maji ya chupa, karanga kwenye visahani.
Mtaalamu akatuonyesha duara la rangi,
na ndani yake kipande chembamba kuliko ukucha.
Akakiita "jamii za pembezoni".
Nikanyoosha mkono: pembezoni mwa nini?
Wakacheka, wakidhani ni utani wa kusubiri chakula.

Nilitaka kusema
tumegawa uji kwa kijiko kimoja tukaita haki,
na aliyekuja na kibuyu akaambiwa kibuyu si bakuli.
Nilitaka kusema
ya kumfikisha mtoto langoni tunayo,
ya kumbakiza ndani hatuna,
halafu kwenye ripoti tunaandika: aliacha masomo.
Kana kwamba si masomo yaliyomwacha.

Nilichosema ni: "Asante, swali langu limejibiwa."
Nikala pilau yao. Ilikuwa nzuri.

Ijumaa akarudi na fomu ya rufaa.
Swali la kumi na saba lilikuwa palepale,
kisanduku chake kilekile, upana wa punje ya mahindi.
Nikachukua kalamu yangu mwenyewe, kinyume cha kanuni,
nikaandika pambizoni, maandishi ya sisimizi,
yakapanda upande wa kulia, yakapinda kona:
sita, wa shangazi. Tisa, deni. Mmoja, mwekundu, hauzwi.
Ishirini na wanne, mifupa.

Kompyuta haisomi pambizo. Najua,
nimeifanyia kazi kuliko nilivyokaa na mume.
Lakini karatasi hupita mikononi kabla ya kufika kwake,
na mkono mmoja mmoja huwa na macho.

Nikamgeuzia fomu aone.
Alisoma polepole, midomo ikihesabu,
kisha akaingiza vidole chini ya kioo, akaomba kalamu.

"Umesahau ndama," akasema.